Maswali ya Wasomaji: Simu, miwani na darasa la wenye mvi

Mwezi huu nimeziweka kando barua za mirathi na za ada za shule, nikachagua tano zinazohusu jambo moja: akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, na elimu ya watu ambao umri wa kukaa dawatini uliwapita zamani. Tatu kati ya hizo ziliandikwa na mtoto au mjukuu kwa niaba ya mzee aliyekuwa akisema pembeni, jambo linaloonekana kwenye barua zenyewe, kwani mwandiko ni wa kijana na maneno ni ya mtu mzima. Nimezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 63, nauza mbaazi na maandazi asubuhi hapa Muheza. Niliacha shule darasa la tatu mama yangu alipofariki. Herufi nazijua, lakini nikisoma nachoka njiani, na nikifika mwisho wa sentensi nimeshasahau mwanzo wake ulikuwa nini. Mjukuu wangu ameniwekea kwenye simu programu ya akili mnemba ambayo unaiuliza kwa mdomo nayo inakujibu kwa mdomo, na anasema inaweza kunifundisha kusoma. Darasa la watu wazima nilikwenda mara mbili nikaona haya, maana anayefundisha ni binti niliyemlea mimi mwenyewe. Je, simu inaweza kuwa mwalimu wangu?
Mama wa Mbaazi, Muheza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijakujibu niliijaribu hiyo programu kwa ajili yako. Niliiambia kwamba nina mwanafunzi mtu mzima anayejua herufi lakini anasoma kwa kusitasita, kisha nikaiomba iandike habari fupi, kwa maneno rahisi, kuhusu upikaji wa mbaazi za nazi. Haikuchukua hata nusu dakika. Ikaleta sentensi nane nzuri, fupi, zenye adabu, na katika sentensi ya nne ikaagiza kwamba mbaazi kavu zichemshwe kwa dakika kumi, kisha zitiwe tui. Nikamsomea mke wangu, naye akaniuliza hizo mbaazi anakwenda kuzila nani, na kwa meno gani.

Ninakusimulia hayo kwa sababu faida yote na hasara yote ya mwalimu huyu zimo katika sentensi hizo nane. Tuanze na faida. Wakati wa kampeni za kisomo, vitabu vya kujifunzia viliandikwa kwa kufuata kazi za watu: kulikuwa na vya wakulima wa pamba, vya wakulima wa migomba, vya wavuvi na vya wafugaji. Fikra ilikuwa sahihi kabisa, kwamba mtu mzima hujifunza kusoma upesi zaidi akikuta katika kitabu mambo anayoyashika kila siku kwa mikono yake, lakini kitabu kimoja kilipaswa kuwatosha maelfu ya watu, na muuza mbaazi wa Muheza hakuwa na cha kwake. Leo unaweza kuandikiwa kitabu cha mtu mmoja. Kesho ukitaka habari ya bei ya sukari na unga wa ngano utaipata, keshokutwa ukitaka kisa cha mteja anayekopa halipi utakipata, tena kwa herufi kubwa na kwa sentensi zenye maneno matano tu kama ndiyo unayoyaweza. Hilo ni jambo jipya kweli, na mimi niliyefundisha watu wazima kwa kunakili ubaoni kipande kilekile kwa miaka mingi nalionea wivu.

Ama hasara, mashine hii haijawahi kusimama jikoni. Imesomeshwa maandishi mengi mno, kutokana nayo ikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani, na inapokujibu inapanga maneno yanayoelekea kufuatana. Mara nyingi yanayoelekea kufuatana huwa ndiyo ya kweli, lakini si kila mara, na sauti yake haibadiliki inapokosea. Binadamu akibahatisha utamsikia anajikohoza. Maandishi ya Kiswahili iliyosomeshwa ni machache sana kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo usishangae ikikosea upatanisho wa ngeli au ikikuletea Kiswahili kinachonuka tafsiri.

Kwa hiyo nakushauri uanze na yale unayoyajua wewe. Agiza habari za mbaazi, za maandazi, za soko, kwa sababu humo mashine ikiteleza utaikamata, na siku utakapoikamata kwa kusoma mwenyewe, kidole kikiwa juu ya neno, utakuwa umeonja utamu wa kusoma ambao mimi siwezi kukuhadithia.

Kuhusu kusahau mwanzo wa sentensi, hilo si ugonjwa wala si uzee. Akili yako inatumia nguvu zote kutambua silabi, na inayobaki haitoshi kushika maana. Dawa yake ni kurudia. Mwombe mjukuu anakili kipande kimoja kifupi kwenye daftari kwa herufi kubwa, nawe ukisome kwa sauti mara tatu leo, mara tatu kesho, mara tatu keshokutwa, mpaka kitiririke kama unavyotaja bei zako, ndipo uchukue kingine. Usikimbilie kipande kipya kila siku kwa sababu tu mashine iko tayari kukipika.

Sasa nikuonye juu ya jambo ambalo mjukuu huenda halijui. Programu hizi zinapokusikiliza hukisia ulichokusudia kusema. Ukisoma “kanga” mahali palipoandikwa “kaanga”, na sentensi yenyewe ikawa ya mapishi, huenda mashine ikaandika “kaanga” kana kwamba umepatia, kisha ikakupongeza. Pongezi zake ni nyingi mno, kwa kweli zinachosha. Na zile zilizofunzwa zaidi kwa sauti za vijana hukosea zaidi zinaposikiliza mtu mzima, hasa aliyepungukiwa meno ya mbele. Mtu wa kukusikiliza unaposoma lazima awe na masikio ya nyama.

Hapo ndipo tunarudi kwa binti uliyemlea. Haya naijua, nimeiona ikiwatoa darasani watu wenye akili kuliko mwalimu wao, na sitakudharau kwa kukuambia uimeze. Mashine haicheki, haitakwenda kusimulia kisimani, na ukiiuliza jambo moja mara kumi na tano itajibu mara kumi na tano. Itumie kwa mazoezi ya faragha. Lakini mara moja kwa wiki mwite huyo binti nyumbani jioni, mkiwa wawili, akusikilize unaposoma kile kipande ulichokwisha kukizoea. Nadhani atakuja mbio.

La mwisho, nalo pengine lilipaswa kuwa la kwanza: una miwani? Baada ya miaka arobaini hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na kuona vitu vya karibu huwa shida kwa karibu kila mtu, aliyesoma na asiyesoma. Nimeona mama mmoja aliyedhaniwa mzito wa kuelewa kwa mwaka mzima, akaazimwa miwani ya kusomea ya jirani yake, akasoma ukurasa. Kapimwe macho kwanza. Daktari ataangalia pia kama kuna mtoto wa jicho.

SWALI: Mzee mwenzangu, salamu kutoka Ukerewe. Nilistaafu ualimu mwaka 2015 na tangu hapo naendesha kwa kujitolea darasa la kisomo, wengi wao wavuvi na wachuuzi wa dagaa wenye miaka 50 kwenda juu. Tulikuwa 22. Sasa wamebaki tisa. Walioondoka wananiambia waziwazi: “Mwalimu, simu siku hizi inanisomea ujumbe na inaniandikia majibu, nijisumbue na a-e-i-o-u ya nini?” Nimekosa la kuwajibu. Je, tufunge?
Mstaafu, Ukerewe

JIBU: Usifunge, kaka, ingawa sitakuambia kwamba wanafunzi wako ni wajinga. Wamekuuliza swali la haki, na wenye kuliuliza watazidi.

Wewe uko katika wilaya ambayo mwaka 1970 ilikuwa miongoni mwa sita za mwanzo zilizopewa jukumu la kufuta kutojua kusoma, baada ya Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya mkesha wa mwaka mpya, kuutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka mitatu tu nyuma yake, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika nchini walikuwa takriban theluthi mbili. Kufikia mwaka 1986, kwa takwimu za Serikali, walikuwa wamebaki kama mmoja katika kila kumi. Wakati ule nako kulikuwa na mashine inayosema na wasiojua kusoma, na mashine hiyo ilikuwa redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa redio hiyo, lakini hebu kumbuka ilivyoendeshwa. Watu walikaa kwa makundi, wakasikiliza kipindi pamoja, kiongozi wa kundi akawasomea sehemu ya kitabu, wakajadili ni lipi kati ya yaliyosemwa linahusu kijiji chao, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Aliyeshuku alishuku mbele ya wenzake, na kitabu kilikuwa pale cha kuangalia.

Simu inazungumza na mtu mmoja, ndani ya sikio lake, na inamwambia kila mtu jambo tofauti. Redio ikikosea, wilaya nzima ilisikia na mtu mmoja angelalamika. Simu ikimkosea mvuvi wako saa nne ya usiku, hakuna shahidi. Na mvuvi asiyejua kusoma hana njia yoyote ya kulinganisha alichoambiwa na kilichoandikwa. Hilo ndilo jibu ninalokupa ukawape walioondoka: zamani mtu alijifunza kusoma ili apate habari, leo habari zitamfuata hata akiwa amelala, na sababu ya kujifunza kusoma imekuwa kuwakagua wanaomsomea.

Wasikuambie kwamba ni maneno ya walimu. Hapa kwangu nilichukua fomu ya zamani ya mkopo, ya ile mikopo tunayoiita kausha damu, nikaipiga picha na kuiomba programu inisomee kwa muhtasari kama mtu asiyejua kusoma. Ilinitajia kiasi, ilinitajia riba, ikanitajia tarehe za marejesho, yote sawasawa. Mstari uliokuwa chini kabisa, uliosema kwamba mkopaji akichelewa siku saba mkopeshaji anaruhusiwa kuchukua cherehani, haukutajwa. Nilipouliza mahususi, “Je, kuna dhamana?”, ikasema ndiyo, ikanisomea mstari wote na kuniomba radhi. Sasa niambie, kaka, asiyejua kwamba mstari ule upo angeuliza nini?

Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya, aliyejiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret mwezi Januari 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bure, alisema sababu zake bila kuficha. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa kuwa alishuku mhubiri hasemi yaliyoandikwa, na alitaka aweze kuhesabu fedha endapo wapiganaji wa zamani wa Mau Mau wangelipwa fidia. Mzee huyo hakukosa watu wa kumsomea. Alikosa uhakika wa wanaomsomea, na hilo simu haijaliondoa.

Kuhusu uendeshaji wa darasa, nakuomba usishindane na simu, uiingize ndani. Weka moja tu katikati ya meza kama redio ya mwaka 1973, tena yenye sauti ya kuwatosha wote. Anza na swali la wanafunzi wenyewe, tuseme ni namna gani dagaa wanakauka bila kuingiwa mchanga au wanavuliwa vipi wakati wa mvua za vuli. Mashine ijibu mara moja, nawe uandike ubaoni sentensi tatu kutoka katika jibu hilo kama zilivyo, pamoja na makosa yake. Hizo ndizo somo la siku: wazisome, wazinakili, halafu waseme ipi ni kweli kwa mtu wa Ziwa na ipi imeandikwa na asiyewahi kuona chanja la dagaa. Mtu wa miaka 58 aliyeshinda ziwani tangu utotoni atainuka kitini kuipinga, na ili aipinge itabidi ausogelee ubao akuonyeshe neno. Huo mchezo nimeuona darasani mwangu, ukelele wake ni wa sokoni, na siku hizo hakuna aliyeniomba ruhusa ya kutoka mapema.

Tahadhari moja: Kikerewe na Kijita mashine haizielewi kama inavyoelewa Kiswahili, na hata Kiswahili chenye lafudhi ya huko wakati mwingine itakiandika kwa namna ya kuchekesha. Mwanafunzi asidhani kwamba kosa ni la mdomo wake.

SWALI: Nina miaka 71, ni fundi seremala mstaafu, Mombasa. Watoto wananitaka nijifunze Kiingereza na hesabu za biashara kwa hiyo akili mnemba. Nauliza tu, ubongo wa umri huu bado unashika kitu?
Fundi, Mombasa

JIBU: Unashika, mzee wangu. Kasi hupungua, hilo usijidanganye, lakini msamiati na ujuzi wa mambo kwa watu wengi huendelea kukua hata baada ya miaka sitini. Mwaka 2010 mtaalamu wa ubongo wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, na wenzake waliwapima watu wazima 63 wa Ureno na Brazili, baadhi wakiwa hawajui kusoma na baadhi wamejifunza ukubwani, wakakuta kwamba ubongo wa waliojifunza ukubwani ulikuwa umebadilika katika sehemu zilezile zinazobadilika kwa wanaojifunza utotoni. Na Wakenya mnaye shahidi wa karibu zaidi: Bibi Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga, aliyekaa darasa moja na vitukuu vyake akiwa amevuka miaka 90, na alikuwa bado mwanafunzi alipofariki mwaka 2022 akiwa na miaka 99.

Tumia mashine kukuuliza, usiitumie kukuhutubia. Iambie ikupe maneno matano leo, ikuulize hayohayo baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, bila kukuonyesha jibu kwanza. Kulitafuta neno kichwani huku ukikuna kipara ndiko kunakoligandisha. Vipimo vya mbao ulivyofanya miaka arobaini ni hesabu tayari, kwa hiyo uiombe masomo yaanzie kwenye futi na inchi na bei ya mvule.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 46, ni mhudumu wa ofisi mjini Mbeya. Najiandaa kufanya Mtihani wa Maarifa, yaani QT, ili baadaye nifanye Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nasoma usiku baada ya kazi. Hisabati inanishinda, basi napiga picha swali, akili mnemba inalitatua hatua kwa hatua, naelewa vizuri sana, nanakili kwenye daftari. Lakini nikifunga simu siwezi hata swali la kwanza. Nini kinanitokea?
Mtahiniwa, Mbeya

JIBU: Marahaba. Kinachokutokea kimewatokea na vijana. Nchini Uturuki watafiti waliwafuatilia karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari katika hisabati. Waliopewa programu ya kawaida ya akili mnemba walifanya mazoezi vizuri kwa asilimia 48 kuliko wenzao wasiokuwa nayo, lakini siku ya mtihani, programu ilipoondolewa, walianguka chini ya hao wenzao kwa asilimia 17. Kundi la tatu lilipewa programu iliyofungwa isitoe jibu, ila itoe dokezo tu, na hilo halikupata madhara hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Wewe ni mtu mzima, una kazi na pengine watoto, lakini katika hili sioni unatofautianaje nao.

Unaposema “naelewa vizuri sana” unasema kweli, ila unachokielewa ni hatua za mwingine. Nami nikimtazama fundi akipiga plasta naelewa kila kitu.

Badili maneno unayoiambia mashine. Andika hivi: “Mimi ni mtahiniwa wa QT. Usinipe jibu. Niulize hatua ya kwanza ni ipi, nisubiri niandike, kisha niambie tu kama nimepatia au nimekosea na kwa nini.” Itakubali, halafu baada ya maswali mawili itasahau na kuanza kukutatulia tena, irudishe mahali pake bila kuionea huruma. Fanya swali kwa kalamu na karatasi kwanza, hata ukishindwa, hasa ukishindwa, ndipo uifungue simu. Na kila Jumamosi chukua karatasi ya mtihani wa miaka iliyopita, weka saa, zima simu, uifanye peke yako mpaka mwisho, usahihishe baadaye.

Jihadhari pia na masomo ya Historia na Uraia. Mashine itakujibu kwa ufasaha mkubwa mambo ambayo muhtasari wa somo lako hauyaulizi, na mara nyingine itachanganya ya Tanzania na ya nchi nyingine. Katika masomo hayo kitabu ndicho kiwe mbele. Kama kuna kituo cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima unachoweza kukifikia jioni, hata mara moja kwa wiki, jiunge nacho, kwa kuwa utapata wenzako wanaosinzia kama wewe, na kusinzia kwa pamoja kuna nafuu yake.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi Dar es Salaam. Baba yangu, miaka 74, yuko Songea. Nilimnunulia simu janja, sasa anajifunza Kiingereza kwa akili mnemba kila asubuhi na amefurahi kupita kiasi. Hofu yangu ni kwamba anaiambia kila kitu. Juzi aliniambia ameipa namba yake ya kitambulisho cha taifa “ili imfahamu vizuri”. Nafikiria kumnyang'anya simu.
Mtoto wa Songea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimnyang'anye. Ungemnyang'anya mwalimu wake, tena angekuona wewe ndiye mwizi.

Wazee wa rika la baba yako wamelelewa kwamba anayekujibu kwa adabu ni mtu, na mtu humfichi jina la ukoo wako. Hilo ni tabia njema iliyokutana na chombo kisichostahili. Mweleze kwamba anachokisema kinasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali na kinaweza kuhifadhiwa huko, kwa hiyo aiambie kama ambavyo angemwambia abiria wa kiti cha pili ndani ya basi: habari za shamba ndiyo, namba ya kitambulisho hapana, namba ya siri ya akaunti ya simu hapana kabisa, hata ikiulizwa kwa Kiingereza cha kupendeza. Aelezwe mara moja, taratibu, ukiwa umekaa naye, na mazungumzo yale yenye namba mfute pamoja ili aone namna ya kufuta.

Liko kubwa kuliko hilo. Baba yako bila shaka amekwisha kupokea ule ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, na akaucheka. Lakini teknolojia hiihii inayomfundisha matamshi inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi cha rekodi, na siku moja anaweza kupigiwa na “wewe” ukilia kwamba umepata ajali Chalinze na unahitaji laki tatu sasa hivi. Kubalianeni swali la nyumbani ambalo halimo kwenye simu wala mtandaoni: jina la ng'ombe aliyekufa mwaka fulani, au nani alianguka kisimani. Akiombwa fedha kwa sauti yako, aulize hilo kwanza, nawe usikasirike siku atakapokuuliza wewe mwenyewe ukiwa na haraka kweli.

Kisha mpigie Jumapili umwulize amejifunza nini wiki hii, na akianza kukueleza kwa Kiingereza, msikilize mpaka amalize sentensi.